Irabu Mbili Nilizoziongeza

Nilifika Gehandu mwezi wa saba, nikiwa na mabegi mawili, godoro la kukunja na barua ya ajira. Mimi ni mtu wa Masasi. Kwetu tunajua joto na korosho. Baridi nilikuwa nimeisoma kwenye jiografia tu. Asubuhi ya kwanza niliingia darasani nimejifunga khanga mbili juu ya sweta, na watoto wa darasa la tatu wakasimama, wakasema shikamoo mwalimu kwa sauti moja, kisha wakabaki wananitazama kama mgonjwa.

Wiki ile ile nikagundua kwamba kinywa changu hakijui kufunga neno. Hanang nilisema Hanangi. Katesh nikasema Kateshi. Balangdalalu ndiyo ilinishinda kabisa. Nilichomeka i katikati bila mwenyewe kujua, Balangidalalu, na watoto wakaficha vicheko nyuma ya madaftari. Kiyao cha mama yangu na Kiswahili nilichokulia vyote hupenda kumalizia kwa irabu, na konsonanti mbili zikikaa karibu mno sisi huzitenganisha, kama watoto wanaopigana kwenye dawati. Ndivyo brashi ilivyokuwa burashi na klabu ikawa kilabu. Sikuona ubaya wowote. Niliona ndivyo lugha inavyopumua.

Nyumba za walimu hazikutosha, hivyo nilipanga chumba cha pembeni kwenye mji wa mkulima mmoja, mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye ng'ombe wachache, punda mmoja na shamba la mahindi na mbaazi. Mkewe alinikamulia maziwa kila asubuhi bila kuniuliza kama nayataka. Walikuwa na watoto kadhaa waliokwisha kuwa wakubwa, na binti mmoja mdogo aliyekuwa bado hajaanza shule. Huyo alinifuata kila mahali, hata chooni akinisubiri nje.

Jina la mwenye nyumba wangu lilikuwa na silabi mbili. Katikati yake konsonanti mbili zilikutana uso kwa uso, na mwishoni lilifungwa na konsonanti nyingine, kavu, bila kitu baada yake. Mimi nililitamka kwa silabi nne. Jumamosi moja mchana tulikuwa tumekaa uani tunapukuchua mahindi, akaamua kunifundisha.

"Simama hapo," aliniambia. "Usiendelee mbele. Ukifika hapo mwisho, funga mdomo."

"Nimefunga, mzee."

"Hujafunga. Umepumua. Hiyo pumzi ndiyo herufi yako."

Mkewe alicheka mpaka akaweka gunzi chini. Nikajaribu tena, nikafunga mdomo kwa nguvu kiasi kwamba jina lenyewe halikutoka. Binti akanionyesha, midomo yake midogo ikilikata jina la baba yake safi kabisa. Nikasema mimi nimeshindwa, wao wakasema basi, utazoea. Lilikuwa jambo la kuchekea tu.

Januari nilipewa darasa la kwanza. Siku ya kuandikisha, wazazi walipanga foleni kuanzia mlangoni hadi kwenye mlingoti wa bendera, wengine wakiwa na kadi za kliniki zilizofutika, wengine mikono mitupu. Mwalimu mkuu alitaka rejista ikamilike siku hiyo hiyo. Binti wa mwenye nyumba wangu alikuja amepakwa mafuta usoni, sare mpya ikimfika chini ya magoti, na mama yake nyuma. Kadi ya kliniki ilikuwa imesahaulika nyumbani.

"Haina shida," nilimwambia mama yake. "Huyu namjua."

Nikamwuliza mtoto jina lake, kwa sababu ndiyo desturi, tunataka watoto waseme wenyewe. Akasema jina lake la ubatizo, kisha jina la baba. Alilitaja kama baba yake. Mkono wangu ukaandika kama mimi, na i katikati na u mwishoni.

Karibu miaka minne ikapita kabla mtu hajaona. Baba yake alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, na kusoma kwake kulikuwa kwa kidole, herufi kwa herufi. Binti alipoleta ripoti ya mtihani wa darasa la nne, alama nzuri mno, alikaa nayo uani muda mrefu. Nikadhani anafurahia alama. Jioni, jua likiwa bado lipo, akabisha hodi chumbani kwangu akiwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili.

"Mwalimu, hongera kwa kazi. Ila hapa kwenye jina, naona herufi mbili si zangu."

Nikaangalia. Kweli zilikuwepo. Leo ninapoandika haya ninajiona nilivyokuwa, nimechoka, nina madaftari ya kusahihisha yamejaa kitandani, na ndani yangu kuna kile kiburi kidogo cha mtu aliyeulizwa swali na mtu asiyesoma sana.

"Mzee," nikamwambia, "Kiswahili hakiruhusu neno liishie hivyo. Lazima kuwe na irabu. Ni kanuni."

Alilitafakari. Aliamini, au aliniheshimu, sijui ni lipi kati ya hayo mawili.

"Kwa hiyo kwenye Kiswahili mimi naitwa hivi."

"Ni herufi mbili tu, mzee. Mtu ni yule yule."

"Sawa, mwalimu," akasema, akaikunja karatasi, akaondoka.

Nilimdanganya. Hakuna kanuni inayosema jina la mtu lifuate matamshi ya mgeni aliyepanga chumba kwake. Nilijua ningeweza kwenda kwa mwalimu mkuu kesho yake, tukakata kwa mstari, tukaandika upya na kupiga muhuri pembeni. Kazi ya nusu saa. Darasa la saba lilipofika nikawa mimi tena niliyejaza fomu za watahiniwa, nikinakili kutoka kwenye rejista, jina baada ya jina. Ningependa kusema kwamba nilipofika kwake nilisita. Sikumbuki kusita.

Alifaulu. Mimi nikahamishiwa Mbulu mjini mwaka uliofuata, karibu na ofisi na soko, kwenye shule yenye vioo madirishani. Waliniaga kwa debe la maharage na kuku hai. Baba alinifungia mizigo kwenye buti la basi mwenyewe, akavuta kamba mara mbili kuhakikisha.

Baba akafariki binti akiwa kidato cha tatu. Kifua kilimsumbua msimu mzima wa kupalilia, akasema ni vumbi, akasema ni baridi, na alipopelekwa hospitali alikuwa hawezi tena kukaa bila kuegemea. Nilikwenda kuzika. Kati ya yote ya siku ile, nakumbuka sauti zilivyomtaja. Katekista, wazee, majirani, wanawake waliokuwa jikoni, kila mmoja alilikata jina lake pale pale linapostahili kukatwa, na likabaki fupi na zito. Msalaba wa mbao ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeusi, herufi zake zote na hakuna ya ziada. Mimi nilipotoa salamu za rambirambi nilimwita "mzee wetu", nikakwepa jina.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, binti alinipigia simu akilia kwa furaha. Alitaka uuguzi. Nilimwambia asihangaike na mtandao wa kijijini, aje Mbulu tutume maombi pamoja. Wakaja watatu kwa basi la asubuhi: yeye, mama yake, na mdogo wake wa mwisho, mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi aliyekuwa amelala begani. Tukanywa chai, tukateremka mpaka steshenari moja karibu na stendi, kijana akafungua kompyuta.

Alijaza vizuri mpaka alipoweka namba ya mtihani na namba ya cheti cha kuzaliwa. Maandishi mekundu yakatokea. Taarifa hazilingani. Akarudia. Hazilingani. Kijana wa steshenari akaomba kuviona vyeti vyenyewe, akaviweka sambamba juu ya meza, akaweka ncha ya kalamu kwanza kwenye kimoja, kisha kwenye kingine.

"Jina la baba ni tofauti. Hapa kuna i. Na hapa mwisho kuna u."

Sikuwa nimewahi kukiona kile cheti cha kuzaliwa. Mama yake ndiye aliyeeleza, pale pale tukiwa tumesimama, kwamba mumewe alikifuata Katesh mwenyewe, binti akiwa kidato cha pili, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Alikwenda mara tatu. Mara ya mwisho alisimama dirishani akamtajia karani herufi moja moja kwa sauti, na karani alipomaliza akaomba asomewe tena.

"Alisema kwenye hiki hataki makosa," mama akasema. Hakuniangalia. Sidhani kama alikusudia kunichoma. Alikuwa anaeleza tu.

Nikasema, kwa haraka, kwamba kosa ni langu na nitalirekebisha. Nilisema kwa sauti ya mwalimu, ile ambayo watoto huiamini. Binti aliiamini, nilimwona akishusha mabega.

Kesho yake tulikwenda ofisi ya vizazi na vifo. Karani alikuwa kijana wa heshima, akanipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaeleza taratibu, kama mtu aliyeeleza jambo hilo mara nyingi. Mtu akishafanya mitihani, jina la kwenye cheti cha mitihani limekwisha. Haligeuzwi. Kinachoweza kugeuzwa ni cheti cha kuzaliwa, kifuate kile cha shule.

"Lakini cha kuzaliwa ndicho sahihi," nikasema.

"Nakuelewa, mwalimu."

"Mimi ndiye niliyekosea. Naweza kuandika barua. Naweza kuapa."

"Andika," akasema kwa upole.

Nikaandika. Kurasa mbili, kwa mwandiko wangu bora, nikieleza siku ya kuandikisha, kadi iliyosahaulika, ripoti ya darasa la nne, kila kitu. Nilipanda basi mpaka Gehandu, nikachukua boda boda mpaka shuleni, nikamwomba mwalimu mkuu mpya anitafutie rejista ile. Tuliikuta stoo, chini ya mipira iliyopasuka. Wino wa bluu ulikuwa umepauka lakini mwandiko haukuwa na shaka, wangu, wa duara, nadhifu, wa msichana aliyetoka chuoni juzi. Nilipiga picha ya ukurasa. Nilirudi nayo Mbulu pamoja na barua, karani akavisoma vyote, kila mstari.

"Mwalimu, barua yako ni nzuri," akasema. "Ila haina mahali pa kuingia."

Niliomba nionane na mkubwa wake. Mkubwa wake aliniambia yale yale kwa maneno machache zaidi. Nilimpigia mtu niliyesoma naye chuo, anayefanya kazi Dodoma, naye akasema fuata alichosema karani, usipoteze muda, dirisha la maombi linafungwa. Kila mtu niliyemwendea alikuwa na adabu na hakuna aliyekosea. Ningepata hata mmoja wa kugombana naye ningeshukuru.

Ikabaki njia moja. Binti aape mbele ya wakili kwamba jina la baba yake kwenye cheti cha kuzaliwa liliandikwa kimakosa, na kwamba jina sahihi ni lile la shuleni. Mama yake, kwa kuwa ndiye mzazi aliye hai, athibitishe.

Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la pembejeo, ikinuka mbolea. Mama alivaa shuka lake zito na kitambaa cheupe cha kanisani. Wakili akasoma hati kwa sauti, akafika pale penye jina. Alikuwa mtu wa mikoa ya mbali kama mimi, akalitamka kwa silabi nne bila taabu yoyote. Lilitiririka.

"Huyo ni nani?" mama akauliza.

"Marehemu mumeo, mama."

"Mimi niliolewa na mtu wa jina lile jingine."

Wakili akaniangalia mimi. Binti naye akaniangalia mimi. Walikuwa wananisubiri nieleze, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, na nilikuwa na miaka mingi ya kueleza mambo nyuma yangu. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeandaa kitu cha kusema, kwamba ni karatasi tu, kwamba mtu ni yule yule. Nikakumbuka kwamba maneno hayo nimeshawahi kuyatumia, na niliyatumia kwa nani.

"Mama," wakili akasema, "ukikataa sikulaumu. Ila binti hataweza kuomba chuo."

Mama alikaa na mikono yake mapajani. Mtoto mdogo alikuwa sakafuni anapanga vifuniko vya kalamu. Chini dukani mtu alikuwa anauliza bei ya dawa ya kunyunyizia maharage.

"Na msalabani?" mama akauliza hatimaye. "Msalaba nao tuubadilishe?"

"Hapana mama. Msalaba hauhusiki."

"Basi mwache aape."

Binti akasimama, akashika Biblia ya wakili kwa mkono wa kulia. Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu kama baba yake. Akaanza kusoma vizuri, alivyosoma siku zote, mwanafunzi wangu bora, na alipofika kwenye neno "sahihi" akasimama.

"Mwalimu, niseme jina sahihi ni hili?"

Nilitikisa kichwa kwa namna ambayo hata mimi sijui ilimaanisha nini.

"Sema," mama yake akamwambia.

Akasema. Na mama akabonyeza kidole gumba kwenye pedi ya wino, akakiweka pale alipoonyeshwa, akakifuta kwenye pindo la shuka badala ya karatasi aliyopewa.

Tulipotoka nje niliwaomba msamaha pale ngazini. Nilisema nisamehe mama, nilimkosea mzee. Akanijibu kwamba siku zile nilikuwa mtoto, nimetoka mbali, na baridi ilikuwa inanitesa. Alisema hivyo akinishika mkono, na mkono wake ulikuwa mzito na wa moto, na nilitamani angenitukana.

Cheti kipya kilichelewa. Nilikwenda kukiulizia kila wiki baada ya vipindi, mpaka karani akawa anatikisa kichwa akiniona tu getini. Kilipotoka, maombi ya mwaka ule yalikuwa yameshafungwa. Binti akarudi Gehandu, akalima na mama yake, akapalilia mbaazi, akachota maji na punda. Nilimtumia vitabu, akavipokea na kushukuru. Alikuwa na adabu ile ile, lakini alipiga simu mara chache kuliko zamani. Mwaka uliofuata aliomba, mfumo ukamkubali mara moja, bila maandishi mekundu. Sasa yupo mwaka wa pili. Siku moja alinitumia picha akiwa na sare nyeupe, kifuani kitambulisho. Nikaikuza picha ile kwa vidole viwili mpaka jina lilipoonekana, kisha nikaizima simu.

Januari hii, wakati wa mapumziko ya saa nne, nikapigiwa na namba nisiyoijua. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza Gehandu, msichana mgeni, kwa lafudhi yake nikakisia ni mtu wa pwani.

"Shikamoo mwalimu. Samahani kukusumbua. Kuna mama hapa anaandikisha mtoto, amesema nikupigie wewe kwanza."

Nilijua ni nani kabla hajaendelea. Yule mdogo wa mwisho alikuwa amefikia umri wa shule.

"Mtoto ana cheti cha kuzaliwa," msichana akasema, "alikatiwa na baba yake kabla hajafariki. Ila mama anasema dada yake ana cheti chenye jina tofauti la baba. Anauliza niandike lipi. Mimi nimemwambia tufuate cheti, lakini anaogopa huko mbele wataonekana ni watoto wa baba wawili. Kwamba wakija kuhitaji kudhaminiana, au kugawana shamba, itakuwa tabu. Anasema wewe ndiye unayejua mambo haya."

Watoto walikuwa wanapiga kelele uwanjani kwangu, na nikasikia wengine wakipiga kelele uwanjani kwake. Niliwaza haraka. Likiandikwa lililo sahihi, mabinti hawa wawili wa mama mmoja na baba mmoja watatenganishwa na karatasi maisha yao yote. Likiandikwa langu, hatabaki mtoto hata mmoja wa hawa wawili mwenye jina la baba yake, na cheti cha pili alichokifuata yule mzee kitakwenda kusahihishwa kama cha kwanza. Nilitafuta njia ya tatu. Niliitafuta kweli.

"Mwalimu? Upo?"

"Nipo."

"Niandike lipi?"

Nilisikia kiti kikiburuzwa, na sauti ya mama kwa mbali ikiuliza nimesema nini. Msichana akamjibu kwamba bado sijasema. Kisha mama akaja karibu na simu, lakini hakuzungumza na mimi. Alikuwa anazungumza na mwalimu mpya, polepole, kama anayemtajia mtu mgeni njia ya kwenda mahali. Alilitaja jina la mumewe kwa silabi nne, akaweka i katikati na u mwishoni, kisha akalirudia, ili mwalimu asikosee.